Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kisangani, jioni ya kuamkia treni ya Ubundu

Sifa, mtoto wangu wa kwanza na mbishi wangu wa kudumu,

Ya safari mama yako amekwisha kuyasema yote, na mengine ameyarudia ili aone kama utajibu vilevile. Treni mpaka Ubundu, boti mpaka Kindu, kisha treni tena mpaka Lubumbashi. Nani atakupokea Kindu, mkate upi wa chikwangue uuanze na upi uuache wa mwisho, sanduku ulilalie kichwa, si miguu. Mimi sina la kuongeza hapo. Tena kesho asubuhi, pale ng'ambo penye stesheni, kutakuwa na ndugu tele na makelele, na mimi nikiwa katikati ya watu huwa mzaha mtupu. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani, nimesogeza batri mbili kando, ninaandika kwa uangalifu kama mtu anayeomba kazi.

Nina furaha, Sifa. Naisema hivyohivyo bila kuipamba. Tangu uliposema wamekukubali huko mkoani Shaba, kila mteja anayeniletea batri namsimulia. Mtu anataka tu gari lake liwake, mimi namweleza habari za mimea inayokunywa madini kutoka ardhini. Dereva mmoja wa lori la Bafwasende alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mimea hiyo inaweza kunywa na dhahabu, maana ikiwezekana yeye lori ataliacha leo hii. Nikamwambia nitamuulizia binti yangu. Kwa hiyo nakuuliza, na jibu ulilete polepole, yule mtu ana watoto wengi.

Kuna kilima ambacho sijapata kukusimulia vizuri. Nilipokuwa kijana, kabla sijamjua mama yako, nilishuka mpaka kule unakokwenda wewe, siku hizo bado pakiitwa Katanga. Nilipata kujifunza kazi ya umeme wa magari kwa fundi mmoja mnene, mpole, asiyependa maneno. Jumapili sisi wanafunzi wake tulikuwa tunatembea nje ya mji mpaka kwenye kilima chenye upara. Pande zote msitu, miti mpaka macho yanachoka, lakini juu ya kilima kile mti hakuna. Mawe yana ukijani, nyasi chache, na kati ya nyasi kimmea kifupi cha kufika kwenye kifundo cha mguu, chenye maua ya zambarau. Wenyeji walikijua. Walisema penye ua lile, chimba, chini pana shaba. Miti yote imekimbia sumu, chenyewe kimebaki kinachanua.

Unajua tulifanya nini juu ya maua yale? Tulicheza mpira. Tuliyakanyaga Jumapili baada ya Jumapili, tukabishana kuhusu magoli, tukarudi mjini na njaa. Siku moja niliyachuma kiganja kizima nikampelekea msichana fulani, akayanusa, akasema hayanuki kitu. Hilo mama yako si lazima alijue. Ninachotaka kukuambia ni kwamba nilisimama juu ya jambo ambalo wewe leo unavuka nusu ya Zaire kwenda kulisoma, na sikuuliza swali hata moja. Nikikufikiria umepiga magoti pale na vikaratasi vyako, ukikichimba kimmea kimoja pamoja na mizizi yake, nacheka peke yangu humu ndani. Mama yako ameshachungulia kuona kama kuna mgeni.

Na kuna swali jingine ambalo sikuuliza. Yule fundi alitufundisha kufungua batri iliyokufa, kutoa zile sahani za ndani, kuyeyusha risasi yake, yale madini mazito, na kuimwaga upya. Lakini alikuwa na sheria moja: kwenye ua wake wa kuyeyushia hakuna kula. Hata karanga. Ukitaka kula unatoka nje, unanawa, unakwenda kukaa ng'ambo ya barabara kwenye vumbi la watu. Sisi tulimwona bahili wa muda, anataka tumalize kula haraka turudi kazini. Tulimsema sana. Kisha nikagombana na msaidizi wake juu ya spana iliyopotea, nikafunga mzigo kwa hasira, nikaondoka kabla sijamaliza. Nilichukua namna ya kuyeyusha, ile sheria nikaiacha kule kama kitu cha mwenye karakana. Ningemwuliza kwa nini, angenijibu kwa maneno machache, na mambo mengi ya nyumba hii yangekwenda vingine.

Halafu nikaja huku, nikaoa kwenye watu wa mto. Unawajua wajomba zako wa Yanonge, mwanamume wanampima kwa anavyokaa kwenye pirogi. Mimi mtu wa Maniema, wa nchi kavu, siku ya kwanza niliipindua pirogi ikiwa bado imefungwa ukingoni. Walicheka mpaka jua likazama. Kwa mwaka mzima jina langu kwao lilikuwa Bwana Nchi Kavu, na mjomba wako, tonton Bolamba, ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Basi siku moja nikamwona anafunga mawe kwenye wavu mpya ili uzame, mawe yanachomoka, anatukana. Nikamwambia aniachie. Nikayeyusha batri mbovu, nikachora mifereji kwenye mchanga mbichi kwa kidole, nikamtolea vipande vizuri vya risasi, vizito, vya ukubwa mmoja, vya kukunjia kwenye kamba ya chini ya wavu. Aliviweka mkononi akavipima, akaenda navyo. Kesho yake alikuja na samaki mkubwa wa mboto, akamwambia mama yako mbele yangu, "Bwana yako iko mutu."

Sifa, hakuna aliyewahi kunipa kitu kitamu kama neno lile. Tangu hapo kila wavu mpya wa ukoo ule ulipita kwangu. Ikawa desturi yetu: wavu ukikamilika, wanakuja wote, wanaleta na masanga ya kunywa, mimi nawasha moto nyuma ya jiko chini ya mti wa safou, kwenye mafiga matatu, na kila mtu anatazama risasi inavyogeuka maji. Wewe ulikuwa unatambaa, kisha unatembea, kisha unakimbia katikati yetu. Ulikuwa unaokota matone yaliyopoa, yanang'aa, unayatia kwenye kikombe chako, unatuuzia kama samaki. Sote tulinunua. Hata picha tungekuwa nayo ya siku zile, ingekuwa picha nzuri.

Nilipohamisha kazi kubwa barabarani, pale nyuma ya jiko palibaki peusi kwa majivu, na mama yako akasema ardhi kama ile haiachwi bure. Akapanda lengalenga. Lo, lengalenga ile. Majani kama sahani. Majirani walikuja kuomba mbegu. Tulikula kila siku, na wewe hasa, kwa sababu ulikuwa mchaguzi wa chakula na mboga ile ndiyo pekee uliyoikubali.

Yaliyofuata unayajua, lakini uliyajua kwa tumbo, mimi niliyajua kwa macho. Kuku waliokuwa wanachakura pale wakaanza kutembea upande. Wewe ukaanza kulia tumbo, ukapauka, ukaacha kukimbia. Kwenye dispansere walikupa dawa ya minyoo, wakakupa tena. Mpaka alipokuja yule daktari kijana aliyekutazama fizi kwa muda mrefu, kisha badala ya kutazama wewe akanitazama mimi mikono. Akauliza, "Papa, wewe unafanyaka kazi gani?"

Alisema ni sumu ya risasi, imetoka kwenye udongo ule, imepitia mboga mpaka damuni mwako. Jioni ile mama yako aling'oa bustani nzima peke yake. Akaweka uzio wa mianzi, akamfunga mbuzi wetu mbali, akaanza kununua mboga sokoni kama wanawake wasio na bustani. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, maneno nilikuwa nimeyaandaa. Wewe ulipona polepole, ukaanza tena kukimbia na kubisha, na mimi sikuyeyusha tena risasi hapa nyumbani wala popote. Wajomba zako walirudia mawe, wakasema hata mawe yanazama. Lakini uzio ukabaki. Kila mvua ya kwanza mama yako anasimama pale na mikono kiunoni, anatazama ardhi yake ambayo hawezi kuigusa, halafu anaingia ndani kupika.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyoruka siku ile uliporudi kutoka chuoni, mwaka wako wa kwanza, hujavua hata viatu, ukasema kuna mimea inayovuta madini kutoka kwenye udongo na kuyaweka kwenye mwili wake.

"Ukiingoa, inatoka nayo," ulisema. "Unapanda tena, unangoa tena. Donc udongo inasafika kidogo kidogo."

Mama yako aliuliza, "Miaka ngapi?"

"Sijui, mama. Hakuna mutu anajua. Prof anasema inaweza kuwa mingi."

"Mimi sikuuliza kama ni mingi," akasema, akaenda kufungua uzio.

Ule ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyoishi katika nyumba hii, na wewe hukuona nusu yake kwa sababu ulikuwa masomoni. Alizeti ulizopanda pale penye mafiga zilipanda mpaka zikapita paa la jiko. Kwenye lile shimo nilikokuwa namwaga maji ya kuoshea batri, tonton Bolamba alileta kongo ya sika kutoka mtoni, pirogi nzima, ile mimea inayoelea ambayo wavuvi wote wanailaani kwa kuziba njia. Aliitupa shimoni akasema ni mara ya kwanza maishani mwake kuibeba kwa mapenzi. Nilikuwa naamka mapema kwenda kuzitazama. Nilizisemesha, ndiyo, cheka. Nilikuwa naziambia, kunyweni.

Kisha ikaja salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya mtaa, na chef wa localité, mkuu wetu wa mtaa, na suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi, akaona vichwa vya alizeti juu ya ukuta. Akafurahi kupita kiasi. Akasema maua kama hayo yanafaa kupamba jukwaa siku ya sherehe ya chama, tukate yote tupeleke, citoyen, ni heshima kwa mtaa. Nimwambie maua yana sumu ya batri, mtaa mzima ujue, na kesho ninaitwa kueleza kwa nini ninataka kutia sumu kwenye jukwaa la chama? Nikamwambia yana viwavi vinavyoruka, vinaingia kwenye nguo. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akajipangusa mabega ambayo hayakuwa na kitu, akakumbuka kuna mtaro wa kukagua. Mama yako alikuwa ndani ameuma kitenge chake ili asisikike akicheka.

Ukatuachia agizo kabla ya mitihani: zikikomaa, mng'oe zote na mizizi yake, msile kitu, wala mbegu zisikamuliwe mafuta. Nilifuata kila neno. Niling'oa alizeti, nikaitoa kongo ya sika shimoni, nikaianika juu ya mabati mpaka ikakauka. Milima miwili ya majani makavu. Ulikuwa hujasema ziende wapi, na mimi, kwa furaha ya kazi iliyokwisha, sikuuliza. Nilifanya anachofanya kila mtu wa Kisangani mwenye majani makavu. Nikachoma.

Na majivu, nani hutupa majivu? Ya alizeti niliyamwaga palepale shambani, nikayachanganya na udongo kwa jembe nikiimba, kwa sababu majivu hulisha ardhi, hilo nililijua tangu utotoni. Ya kongo ya sika yalibaki pale yalipoungulia, na koko yako akayaona.

Koko, mama wa mama yako, ambaye tangu aje kuishi nasi hakuna kitu chenye matumizi kilichopita mbele yake kikaenda bure. Watu wa mto wanatengeneza chumvi yao kwa majivu ya mmea ule: unayatia kwenye kikapu, unamwagia maji, yanadondoka kidogo kidogo kwenye chungu, unachemsha mpaka inabaki chumvi chini. Alifanya hivyo tangu msichana. Kwa nini asifanye?

Naiona Jumapili ile kama ni jana. Umetoka chuoni na njaa, pondu ya majani ya mihogo iko motoni, Koko ameshika kijiko cha chumvi ya kijivu juu ya sufuria, na wewe ukauliza tu kwa udadisi wako wa kawaida:

"Koko, hii chumvi inatoka wapi?"

"Ku majivu ya papa yako. Alichoma kongo ya sika, akaacha majivu chini bure. Nani anaachaka mungwa, chumvi yetu, chini?"

Ulimshika mkono. Kijiko kilianguka, chumvi ikamwagika kwenye moto na cheche mbili za moto zikaruka. Kisha ukageuka ukanitazama, na uso wako, Sifa, sikuwahi kuuona hivyo.

"Papa, uliichoma?"

"Nilichoma, ndiyo. Ulisema tusikule. Hatukukula."

"Na alizeti?"

"Majivu yake nilimwaga pa shamba. Majivu si inasaidiaka udongo?"

"Papa, risasi haiunguaka. Majani inaungua, risasi inabakia mu majivu. Umeirudisha kwake. Mwaka muzima, na umeirudisha kwake."

Ukakaa chini kwenye kigoda ukaweka kichwa kwenye mikono. Mimi nilisimama na jembe langu la kuimbia. Mama yako aliinua sufuria ya pondu, ambayo haikuwa na kosa lolote, akaimwaga yote, kwa sababu hakutaka tena kubahatisha. Aliyesema ni Koko, tena kwa sauti ya chini.

"Basi mulijua. Munapanda, munangoa, munaongea kifaransa pa meza. Hata mumoja wenu hakukuja kuniambia, mama, hii kongo ya sika haiko ile unajuaka. Kinywa mulikuwa nayo. Ao ilikuwa ya kula tu?"

Hakula na sisi siku nyingi. Mimi nilimletea makayabo, samaki wa chumvi, nikamletea kitenge, akashukuru kwa adabu akaviweka kando. Wewe ulifanya jambo la akili zaidi, na ndilo lililonifanya nijue kwamba utakuwa mtu wa kazi hii kweli, si wa vitabu peke yake. Ulichukua kigoda, ukakaa kwenye mkeka wake na mmea mmoja mbichi wa kongo ya sika, ukaanza upya kwa Lingala, kutoka mizizi, kama ulivyotakiwa kuanza mwaka mmoja kabla. Alikuuliza maswali mpaka giza likaingia. Mwisho akakuuliza kama na ile iliyomo mtoni karibu na karakana za bandarini ni salama, ukasema hujui, na akasema sasa unaongea vizuri.

Siandiki haya ili kukuchoma moyo. Nayaandika kwa sababu huko unakokwenda utafanya kazi kwenye ardhi ya watu, na utakuwa na haraka, na utakuwa na furaha kama niliyokuwa nayo mimi na jembe langu. Kila mahali pana koko wake, mtu mwenye matumizi ya kitu ambacho wewe umekiandika kuwa ni taka. Mkeka wake ukaukalie kabla ya kupanda. Na mtu akikupa sheria ya ajabu, kwamba hapa hatuli, pale hatuchoti, usimwone bahili. Mwulize. Hata akikuona mjinga, ni afadhali uonekane mjinga siku moja kuliko kubeba nusu ya jambo maisha yako yote kama baba yako.

Na kisa hiki usikione haya. Najua ulikificha mwanzoni. Prof wako alipokuuliza mbele ya wenzako, mimea ikishang'olewa inakwenda wapi, wenzako wakajibu kutoka kwenye kitabu, wewe ukasimama ukawasimulia chumvi ya Koko. Walicheka, ulituambia. Halafu prof akaacha kucheka, akakuita ofisini, akaandika kwa mwenzake wa Lubumbashi anayeshughulikia mimea ya vilima vya shaba. Huendi kule kwa sababu tulifanya vizuri. Unakwenda kwa sababu tuliharibu na ukasema. Mimi hilo linanifurahisha kuliko shahada yoyote, na nimekwisha kumwambia hata yule dereva wa Bafwasende.

Tonton Bolamba alikuja tena jana, akaniuliza kwa nini namwachia msichana mkubwa aende mbali hivyo kusoma majani, na wanaume wazuri wapo mpaka Isangi. Nikamwambia mwanaume mzuri akitokea, alete kwanza udongo wa kwao tuupime. Alicheka. Kisha akaniuliza, kwa uso mwingine kabisa, kama kwenye udongo wa pale ukingoni kwao, ambako alikuwa akirekebisha zile risasi kwa nyundo miaka yote ile, napo kunaweza kuwa na kitu. Wajukuu wake wanachezea pale. Nikamwambia nitakuuliza. Hili sasa si mzaha kama la dhahabu, Sifa, hili nakuuliza kweli.

Debe lenye majivu tuliyoweza kuyakusanya liko nyuma ya jiko pembeni ya uzio, limefungwa, na mabati juu yake. Hakuna anayejua lipelekwe wapi, na wewe pia umesema hujui bado. Nalo linakusubiri.

Sasa nifike kwenye kopo.

Asubuhi uliniomba nikufungie udongo wa nyuma ya jiko kwenye kopo la maziwa, uubebe mpaka Lubumbashi, kwa sababu kule kuna mashine ya kupima. Ulisema kwa mara ya kwanza tutajua, si kukisia. Ulisema pia, na sauti yako ilishuka, kwamba shaba ni shaba na risasi ni risasi, kwamba risasi ni ngumu kuliko madini yote kwa mmea kuinywa, na kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Kwamba bustani ya mama inaweza isifunguliwe tena wakati tukiwa hai. Nikakuambia usijali, ukaenda kuaga rafiki zako.

Nikachukua kopo, nikaenda nyuma ya jiko, nikachota pale mwisho karibu na mgomba, udongo mweusi mlaini wenye minyoo yake. Nikauchekecha kwa chujio. Nikatoa vijiti. Niliona kwamba mtoto hapelekwi kwa wageni na udongo mbaya, kama vile ambavyo hatungekuachia uende na nguo iliyochanika. Udongo ulipendeza, Sifa. Ungeweza kuuuza.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Hii si ya pale," akasema.

"Ni ya parsele yetu, kiwanja hiki hiki. Yote ni moja."

"Pale pa mafiga ni pale. Hapa hata siku moja hukuwasha moto." Akachungulia kopo. "Unaogopa mashine?"

Nilitaka kumwambia ni heshima. Nilikuwa na neno hilo tayari mdomoni. Lakini ni kweli niliogopa. Nilitaka mashine ile iseme ndogo, iseme kidogo tu, ili nisiwe mtu aliyefanya kubwa. Nilikuwa tayari kukuacha usome miaka yote kwenye udongo wa uongo, na wewe ungerudi na furaha, ungefungua uzio, na mama yako angepanda.

Nikamwaga kopo. Nikaenda pale pa mafiga, nikachimba mpaka chini ya jivu la zamani, ambako bado zinaonekana zile chembe ndogo zinazong'aa, za ukubwa wa ulezi. Moja ilikuwa kubwa kidogo, ya duara, kama zile ulizokuwa unatuuzia. Nimeitia na yenyewe. Nimejaza mpaka juu, nimefunga kwa mpira wa tairi, nimezungushia kitambaa na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba hakiliwi. Liweke mbali na chikwangue. Ndio udongo mbaya kuliko wote tulio nao katika nyumba hii, na ndio ninaokupa.

Mama yako alininawisha mikono mwenyewe, kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko, kama mtoto. Kisha akaleta kile kibuyu kidogo kinachoning'inia juu ya jiko, ambacho wewe umekiona maisha yako yote na labda hujapata kuuliza kina nini. Mimi pia nilikuwa sijauliza, hiyo ndiyo hali yangu. Ni mbegu za lengalenga ile. Tangu siku aliyoweka uzio, kila mwaka anapanda kiganja kimoja kwenye shamba la rafiki yake kule barabara ya Buta, anavuna mbegu mpya, anairudisha kibuyuni ili isife.

Nimemwuliza sasa hivi kama ana neno la mwisho la kuandika, maana karatasi inakwisha na taa inapungua mafuta. Amefikiri kidogo. Amesema, "Mwambie asikimbie. Mwambie mbegu iko."

Papa yako